Chumvi ya Ijumaa

Neno la kwanza ambalo Kamate alimwambia Emérance halikuwa salamu. Lilikuwa swali, tena aliliuliza kwa sauti kubwa katikati ya soko kuu la Bunia, alasiri, watu wamebanana kati ya marundo ya mihogo na samaki wakavu wa Kasenyi, pikipiki zikipiga honi nyuma ya migongo yao.

"Dada! Weye mwenye blauzi ya manjano! Leo ulikula saa sita?"

Emérance aligeuka. Alikuwa amelikumbatia sanduku la fremu za miwani kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, na sketi yake ya kitenge cha bluu ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Aliona kijana mrefu, mwenye kofia nyeupe ya kufuma na aproni iliyofuliwa vizuri, amesimama nyuma ya sufuria inayotoa mvuke. Mkononi alishika kijiko.

"Unaniuliza mimi?"

"Weye."

"Na inakuhusu nini kama nilikula?"

Wauza nyanya wa pembeni walicheka. Kijana naye akacheka, akashusha kijiko.

"Usikasirike, dada. Mimi niko nafunga. Tantine yangu anafunga, batu bote ba hapa banafunga. Minatafuta mutu mwenye alikula, aonje hii supu kama chumvi iko sawa. Uso yako inaonekana ilishiba."

"Yoo! Uso wangu umeshiba?"

"Imeshiba vizuri sana."

Emérance alitaka kuendelea na safari yake. Lakini harufu ya tangawizi na nyama ya ng'ombe ilimshika, na macho ya yule kijana hayakuwa na utani mbaya. Aliweka sanduku juu ya meza, akapokea kijiko, akapuliza, akaonja.

"Chumvi haijatosha," alisema. "Na tangawizi ilizidi."

"Ya kweli?"

"Uliniita nionje ao nikusifu?"

Kamate alifunua kopo la chumvi. Kisha akachukua chumvi kwa vidole, akanyunyiza, akakoroga, akampa tena. Mara hii Emérance alifumba macho.

"Sasa, ndiyo."

Kamate alifunga sambusa mbili katika karatasi, akamwekea juu ya sanduku. Emérance aliangalia huku na huku, akaona aibu kula mbele ya watu ambao midomo yao ilikuwa imekauka.

"Kula tu," alisema Kamate kwa upole. "Siye njo tulichagua kufunga. Weye hatukukukataza."

Hivyo ndivyo walivyokutana.

Emérance alikuwa mgeni. Alizaliwa kwenye kilima kimoja karibu na Gitega, Burundi, na mjomba wake Olivier, mwenye duka la miwani Bujumbura, ndiye aliyemtuma Bunia afungue duka dogo la pili. Alipofika alilia kila jioni. Hakumjua mtu, milio ya risasi ya mbali ilimtia hofu, na umeme ulikuja na kuondoka kama unavyotaka. Alimpigia mjomba wake simu akamwomba amrudishe nyumbani. Mjomba akasema vumilia kwanza, nitatafuta mtu wa kuchukua nafasi yako.

Kisha Ramadani ikaanza. Mwaka ule ilianza juma moja na Kwaresima, na Emérance, ambaye ni Mkatoliki, aliona jambo ambalo hakulitegemea: asubuhi aliyotoka kanisani na majivu kwenye paji la uso, majirani zake Waislamu walikuwa wanafagia nyua na kununua tende. Mji mzima ulikuwa kama nyumba inayojiandaa kupokea mgeni mmoja.

Kwao kilimani hakukuwa na Waislamu. Sasa aliwaona kwa karibu, kila siku, na kila siku alistaajabu upya. Aliona waendesha mikokoteni wakisukuma magunia kwenye jua kali bila kugusa maji. Aliona wanawake wakipika vyakula vitamu mchana kutwa bila kulamba hata kidole. Jioni moja alisimama mbele ya duka lake akaona soko zima limenyamaza, kila mtu na tende yake mkononi, macho yameelekea upande ambako jua linaangukia. Hakuna aliyetangulia. Mwendesha pikipiki mmoja, Mkristo mwenye rozari shingoni, alizima injini yake ili adhana isikike. Ilipolia, mikono yote ikapanda mdomoni kwa pamoja.

Wazee nao walianza kuja dukani. Mmoja aliitwa Muzee Amuri, dereva wa zamani wa malori, mwenye kanzu iliyotiwa viraka kwa mkono wa mtu mwangalifu.

"Binti," alisema, "macho yangu inakataa herufi. Na mimi nataka kumaliza Kitabu mbele Idi haijafika."

Emérance alimjaribisha kioo hiki na kile. Mzee aliomba maji ya kunawa, akakausha mikono kwenye kanzu, akafungua msahafu wake mdogo. Alipitisha kidole chini ya mistari. Kisha akasema tu, "Aa," na machozi yakamshuka chini ya miwani mpya. Emérance naye ilibidi ageuke upande wa ukuta.

Alikuwa ameificha chupa yake ya maji nyuma ya pazia. Mzee aliiona.

"Kunywa, binti yangu. Maji yako hainitoi mu funga yangu," alisema, akajifanya anaangalia nje mpaka amalize kunywa.

Na kila alasiri simu ya Emérance ililia; alikuwa Kamate.

"Muonjaji wangu iko wapi? Supu inakuita."

"Supu ao mupishi?"

"Supu njo ilianza kuita. Mupishi anafuata nyuma."

"Niko na mteja, Kamate."

"Muambie mteja aone haraka. Chumvi haingoji."

Alikwenda. Alionja supu, maharage, uji wa mtama. Alisema ukweli kila mara, hata wakati uji ulipoungua na Kamate akajaribu kuuficha kwa tangawizi. Tantine Mwamini, shangazi yake Kamate, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kifuani, alianza kumwekea kigoda.

"Huyu mutoto ya Burundi anasemaka kweli," alisema. "Nilifikiri Barundi bote ni ba kimya."

"Ni wa kimya, tantine. Mimi nimeharibikiwa hapa kwenu."

"Umeharibikiwa vizuri," akasema Kamate.

Siku moja Emérance alimwuliza kwa nini hajionjei mwenyewe kwa ncha ya ulimi kisha ateme. Alikuwa amesikia dukani kwamba mpishi anaruhusiwa.

"Anaruhusiwa," alijibu Kamate. "Lakini baba hakupendaka. Toka Beni, mbele tukimbilie hapa, alikuwa anaita jirani yake Muzee Alphonse, mukristo. Yule anaonja, baba anapika. Alisemaka ni muzuri mukristo akuwe na mukono yake mu futari yetu. Sasa Alphonse alihamia Marabo, baba alikufa. Mimi nilibaki na sufuria na sina ulimi."

"Kwa hiyo mimi ni ulimi tu?"

"Chérie," alisema Kamate, na neno lile la wapenzi lilimtoka bila kupanga, hata yeye akashtuka. "Weye si ulimi tu."

Tantine Mwamini alianza kukohoa bila sababu, akaenda kutafuta makaa yasiyohitajika.

Baba yake Kamate ndiye aliyekuwa akipika pilau ya Ijumaa kwenye uwanja wa msikiti. Kila Ijumaa ya Ramadani wageni wote walikula pale: wasafiri, wachimba dhahabu wasio na familia, akina mama waliokimbia vita kutoka Bule na vijiji vya Djugu, Waislamu kwa Wakristo, hakuna aliyeulizwa. Mzee alipofariki, mwiko wake mkubwa wa mti ulitundikwa ukutani kwa imamu. Sasa wazee walimwambia Kamate: pika Ijumaa moja, tuone. Ukiweza, mwiko wa baba yako ni wako. Usipoweza, tutamwita mpishi wa hoteli.

Kamate hakulala vizuri juma lile. Hakutaka sifa. Alitaka kuushika mwiko ule mahali palipolainika kwa kiganja cha baba yake.

Emérance naye alikuwa na jambo lake. Kwa ajili ya Kwaresima alikuwa ameacha sukari, na sasa, akiwatazama watu wa Bunia, aliona sukari ni kitu kidogo sana. Moyoni aliamua: Ijumaa atafunga kama wao, toka alfajiri mpaka jua lizame, bila chakula, bila maji, amtolee Mungu wake. Hakumwambia mtu. Siku ya majivu padri alikuwa amewafundisha kwamba anayefunga anawe uso, ajipake mafuta, asijionyeshe kwa watu. Emérance alilishika neno lile kama mtoto anavyoshika ahadi.

Ijumaa ikafika. Madeleine, mama aliyempangisha chumba, alimfungia ndizi na maharage kama kila siku. Emérance akashukuru, akapeleka bakuli dukani, akalirudisha lilivyo. Saa nane kichwa kilianza kugonga. Saa tisa aliona ulimi wake umekuwa kama kitambaa. Alifikiri juu ya wale wasukuma mikokoteni na akawastaajabia kuliko mwanzo, maana sasa alijua.

Alivaa gauni jeupe na kilemba cha kijani, akaenda msikitini.

Uwanjani sufuria kubwa ilikuwa juu ya mawe, mchuzi wa samaki unachemka, maana Wakristo wa Kwaresima hawali nyama Ijumaa. Jambo lililotokea kabla hajafika lilikuwa dogo tu. Kamate alikwenda kuswali alasiri, akamwachia Tantine Mwamini moto. Tantine, kama alivyozoea kumfanyia kaka yake miaka yote, akatia chumvi, akakoroga. Mara wakaitwa watu wa kupokea akina mama wa Bule, naye akakimbilia getini. Kamate aliporudi hakukuta mtu. Akatia chumvi yake, ile ile aliyoipima tangu asubuhi.

"Chérie, ulikuya wakati muzuri," alisema alipomwona Emérance. Kofia yake ilikuwa mpya, jasho limemwagika mashavuni. "Onja. Muchele ikishaingia, hakuna kurudisha nyuma."

Akampa kijiko.

Emérance alikiangalia kile kijiko. Aliona mafuta yakimetameta, na tumbo lake likaomba. Angesema, "Siwezi, nimefunga." Watu walikuwa wamesimama karibu, wazee wa msikiti wote, na wangesema mashaallah, wangemsifu, na siku yake yote angekuwa ameiuza kwa sifa. Na jua lilikuwa limebaki na safari fupi tu. Kamate hakukosea chumvi hata mara moja juma lile.

Aligusisha kijiko kwenye midomo iliyofungwa. Akakishusha.

"Iko muzuri."

"Chumvi?"

"Iko sawa."

Uso wa Kamate ulifunguka kama dirisha. Akamwaga mchele.

Jua lilipozama, watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Adhana ikalia. Emérance alichukua tende, akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa maji polepole akiwa amefumba macho, na maji yale yalikuwa kitu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kunywa. Kisha sahani zikaja. Akatia tonge la kwanza mdomoni.

Ilikuwa chumvi tupu.

Aliinua macho kwa hofu. Akangoja kelele. Akangoja mtu ateme, akunje uso, acheke.

Hakuna aliyefanya hivyo. Uwanja mzima ulikula. Mama mmoja kutoka Bule, ambaye pengine hakuwa ameonja pilau tangu alipokimbia kwake, alimimina maji kidogo kwenye wali wa mtoto wake, akakoroga, akamlisha, akasema kwa sauti ya kusikika: "Aksanti kwa mupishi." Wachimba dhahabu walikula wakiwa wameinamisha vichwa, wakapitishiana jagi la maji. Wazee waliosema "tuone" walikula mpaka chini ya sahani. Na Muzee Amuri, mwenye meno machache na miwani mipya, aliinua sahani yake.

"Kamate, mutoto wangu! Ongeza!"

Mwingine akaona, akainua yake pia. Na mwingine. Majagi yakaisha, yakajazwa, yakaisha tena, na hakuna hata mmoja aliyetaja chumvi. Emérance alikaa katikati ya ukimya ule na sahani yake mapajani, akamaliza punje zote, machozi yanadondoka humo humo. Hakujua kama binadamu wanaweza kufanya hivyo, wengi kiasi kile, bila kupatana kwa neno lolote.

Kamate alizunguka akigawa, anang'aa kwa furaha, akidhani wanaipenda. Mpishi hula mwisho. Alipokomba sufuria na kutia tonge lake mdomoni, alisimama wima kama aliyepigwa.

Alimkuta Emérance kwenye pipa la maji, watu wakiwa wanatawanyika.

"Ulionja?"

Emérance alitazama maji ya pipa.

"Nakuuliza. Ulionja?"

"Hapana."

"Na juu ya nini uliniambia iko sawa?"

Angeweza kusema. Lakini aliona kama atamtumia Mungu kuficha kosa lake. "Siwezi kukuambia, Kamate. Nisamehe."

"Ulinicheka." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo liliuma zaidi. "Labda kwako hii yote ni mambo ya kuangalia tu, kama mugeni anaangalia ngoma. Baba yangu aliweka ulimi yake mu mikono ya Alphonse miaka yote. Hakumudanganya hata siku moja."

"Kamate..."

"Enda nyumbani, Emérance."

Emérance alimpigia Kamate simu siku iliyofuata, na iliyofuata. Ililia mpaka ikachoka. Simu iliyoingia ilikuwa ya mjomba wake.

"Habari nzuri!" alisema Olivier. "Nimempata Lionel, achukue nafasi yako. Atafika huko juma lijalo, weye urudi Bujumbura. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo nilivyotaka, tonton," alisema Emérance, akaangalia nje. Wauza nyanya walikuwa wanamsaidia mama mmoja kubeba mtungi wa mafuta. Mji ambao alilia kuuhama sasa ulikuwa unamliza kwa sababu nyingine.

Jumatatu Muzee Amuri alifika kwenye meza ya Kamate sokoni. Kamate aliinamisha kichwa.

"Muzee, nawaomba samahani bote. Mwiko mumupe mupishi ya hoteli."

"Nani alisema? Wazee balisema Ijumaa hii unapika tena. Baba yako, Ijumaa yake ya kwanza, muchele iliungua mpaka ikakuwa makaa. Tulikula. Hakukuambiaka?"

"Hapana."

"Basi, siye pia hatutakuambia." Mzee alicheka, kisha akatulia. "Lakini muonjaji yako sikumuona hapa. Iko wapi?"

"Yule alinidanganya, muzee. Hakuonja."

"Angeonja namna gani, na iko anafunga?"

Kamate aliinua kichwa.

"Ni mukristo, muzee."

"Mimi najua ni nani. Njo yeye alinipa haya macho." Aligusa miwani yake. "Nilikuwa namuangalia wakati ya adhana. Mutu mwenye alikunywa maji saa sita hakunywaka namna ile. Alishika kikombe na mikono mbili. Alifunga macho. Midomo yake ilikuwa imepasuka hapa na hapa. Miaka mingi niko naangalia batu banafungua, Kamate. Ule binti alifunga siku nzima, na alificha hata kwako."

Tantine Mwamini, aliyekuwa anakanda unga, aliuliza polepole: "Lakini chumvi ilizidi namna gani? Mimi nilitia kama siku zote, mbele ya kwenda kupokea bamama ba Bule."

"Ulitia nini, tantine?"

"Chumvi. Weye pia... ulitia?"

Walitazamana. Tantine akajifunika uso kwa mikono yenye unga, na alipoitoa, nyusi zake zilikuwa nyeupe. Muzee Amuri alicheka mpaka akavua miwani.

Kamate hakucheka. Alivua aproni, akaiacha juu ya sambusa.

Emérance alikuwa anapanga fremu kwenye sanduku alipomwona mlangoni. Kamate aliingia, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaelekea ubao wa herufi ukutani.

"Mademoiselle, macho yangu iko mugonjwa."

"Tangu lini?"

"Toka Ijumaa. Mutu alikuwa mbele yangu, midomo imepasuka kwa kiu, mimi sikuona. Muzee mwenye hana meno njo aliona."

Emérance aliweka fremu chini.

"Nani alimwambia?"

"Hakuna. Alikuona unakunywa maji. Juu ya nini hukuniambia, chérie?"

"Padri alisema tusijionyeshe. Na nilikudanganya, Kamate, hilo ni kweli. Sikutaka kuliosha kosa langu kwa jina la Mungu."

Kamate alitazama herufi ukutani. Kisha akasema, "Mungu alijua unafunga. Supu njo haikujua."

Emérance alicheka na kulia kwa pamoja, akatafuta kitambaa cha kufutia miwani, akajifutia nacho.

"Nisamehe maneno ya ngoma," alisema Kamate. "Nilisema weye ni mugeni wa kuangalia. Na kumbe ulikuwa ndani yetu kuliko mimi."

"Walikula, Kamate. Wote. Uliwaona?"

"Niliwaona. Nilikula chumvi ile nikafikiri, kama baba angekuwa hapa, angeona namna batu banamupenda." Akaona sanduku. "Hii ni ya nini?"

"Lionel anakuja kuchukua nafasi yangu. Mjomba ananirudisha."

"Na weye unataka?"

"Zamani nilitaka."

"Sikuulizi zamani."

Emérance alitazama mlangoni. Nje, mwuza tende alikuwa anapita akitangaza.

"Ijumaa napika tena," alisema Kamate akiinuka. "Kuya. Usikuye kuonja. Funga yako ni yako. Kuya tu."

Ijumaa Emérance alifunga tena, na safari hii alimwambia Madeleine, maana hakutaka ndizi zake zipotee.

"Mimi nilijua toka juma lililopita," alisema Madeleine. "Bakuli inarudi imejaa, mimi ni kipofu? Nilifikiri ni mapenzi tu. Na mapishi ya ule kijana wako, leo nani ataonja, kama bote muko na kiu?"

Emérance alimtazama. Madeleine akaelewa, akachukua khanga yake.

Walifika uwanjani pamoja. Tantine Mwamini alikuwa amekaa mbali na sufuria, mikono ameikalia ili isitie kitu. Madeleine akaonja mchuzi kwa kelele nyingi, akatafuna hewa, akaangalia mbingu.

"Inakosa kidogo. Bado. Bado... Simama hapo! Ukiongeza tena nakupiga."

Kamate akamwaga mchele.

Jua lilipozama na tende kuliwa, sahani zikapita, na mara hii uwanja haukunyamaza. Wachimba dhahabu waligombana kwa utani juu ya ukoko wa chini. Mama wa Bule alicheka, mtoto wake akalilia samaki. "Ongeza!" ilisikika kutoka kila mkeka, na Muzee Amuri, aliyekuwa ameshiba juma lililopita kwa ajili ya upendo, sasa alishiba kwa ajili ya pilau. Imamu alikuja mwenyewe na mwiko wa mti, akaukabidhi bila hotuba. Kamate aliushika. Kiganja chake kiliingia mahali pale palipolainika, kikatosha.

Aligawa kwa watu wote. Kisha akaja na sahani ya mwisho upande wa wanawake, ambako Emérance alikuwa amefungua kwa maji na tende tu, chakula bado hajagusa.

"Hukukula?"

"Nilikungoja. Mupishi anakula mwisho, na mwonjaji naye."

Kamate alichuchumaa mbele yake, sahani moja kati yao.

"Emérance, minataka kukuambia neno, na Tantine anasikiliza nyuma ya ile pipa, basi nitasema polepole. Padri wako atasema mingi, imamu wangu atasema mingi. Mimi sitakuomba uache kanisa yako. Baba alitaka mukono ya mukristo ikuwe mu futari yetu, na mimi nataka ikuwe mu nyumba yangu. Nitatuma batu bangu mpaka Gitega kwa wazazi wako. Ukikubali."

"Gitega ni mbali. Barabara ni mbaya."

"Bataenda."

"Na kila Ijumaa ya Kwaresima nikiwa nafunga, utakosa mwonjaji."

"Nitamuita Madeleine. Atanipiga."

Emérance alimtazama yule kijana mwenye masizi mashavuni, na nyuma yake watu wote wale, na juu yao anga ambalo bado lilikuwa na wekundu kidogo upande wa magharibi. Alitoa simu mfukoni, akabonyeza namba.

"Tonton? Mwambie Lionel asije. Ndiyo, nina uhakika. Nitakueleza kesho, sasa hivi kuna watu wananingoja tule."

Nyuma ya pipa Tantine Mwamini akapiga kigelegele, akashtuka, akajifanya anakohoa. Kamate alifinyanga tonge, akamtilia Emérance mdomoni. Emérance naye alifinyanga lake, akamlisha yeye.

"Chumvi?" aliuliza Kamate.

Emérance alitafuna bila haraka, akameza.

"Iko sawa," alisema, na safari hii alikuwa ameonja.